Jozi Iliyobaki Nje ya Pete: Piridini Inavyomfundisha Anayeishika

Mililita 10 za piridini, kimiminika kinachotumika maabara kama kiyeyusho na besi, zina uzito wa gramu 9.8. Gawanya kwa 79.1, ambayo ni gramu za moli moja, unapata moli 0.124. Kwa hiyo mmenyuko ukiisha na ukataka kuiondoa yote kwa asidi ya hidrokloriki yenye moli 1 kwa lita, unahitaji mililita 124 za asidi hiyo. Si 20. Hesabu hii haichukui hata nusu dakika, lakini ndiyo inayorukwa kuliko zote. Mtu humimina asidi kiduchu kwenye faneli ya kutenganishia, anatikisa, anatenganisha matabaka, anavukiza kiyeyusho, kisha anashangaa mafuta yaliyobaki kwenye flaski bado yananuka kama samaki aliyechacha. Asidi haina kosa hapo. Ilikwisha kabla besi haijaisha.

Karibu kila kitu kinachomsumbua mtu anapofanya kazi na piridini kinatoka mahali pamoja: jozi ya elektroni ya nitrojeni ambayo haikuingia kwenye mzunguko wa pete. Ukiielewa hiyo jozi, hutalazimika kukariri kanuni nyingi.

Piridini ni benzini iliyonyofolewa CH moja na kuwekewa nitrojeni mahali pake, C5H5N. Pete ikitaka kuwa aromatiki, yaani tulivu kama ya benzini, inahitaji elektroni sita za pai. Kaboni tano zinatoa moja moja, nitrojeni nayo inatoa moja, hesabu imetimia. Jozi pweke ya nitrojeni haikuhitajika, kwa hiyo imekaa kwenye obitali ya sp2 inayotazama nje, katika bapa lile lile la pete. Iko wazi kwa protoni, kwa metali, kwa kaboni yoyote yenye uhaba wa elektroni. Piroli, pete ya atomu tano yenye nitrojeni, mambo yake ni kinyume kabisa. Huko jozi ya nitrojeni imeshatumika kutimiza sita, hivyo asidi ikija haipati pa kushika kwenye nitrojeni, inashika kaboni na kuvunja uaromatiki. Dondosha asidi kali kwenye piroli, utaona rangi ya hudhurungi inaingia, halafu lami. Dondosha asidi hiyo hiyo kwenye piridini, utapata joto na chumvi inayoyeyuka majini, basi.

Besi hii, hata hivyo, ni pole. pKa ya asidi shirika yake, yaani piridini iliyokwisha kupokea protoni, ni takriban 5.2 (namba ikiwa kubwa, besi ni kali zaidi), wakati ya piperidini, pete ile ile ikiwa imejazwa hidrojeni, ni takriban 11.1. Elektroni zilizo kwenye sp2 zimevutwa karibu na kiini kuliko zile za sp3, kwa hiyo hazitolewi kwa urahisi. Ndiyo maana piridini inaweza kukaa ndani ya chombo kimoja na kloridi za asidi na anhidridi, ikanyonya asidi inayozaliwa, bila kuharibu esta unayoitengeneza.

Thomas Anderson, mkemia wa Scotland, aliipata kwenye mafuta ya mifupa iliyochomwa, kati ya 1849 na 1851, na jina lake limetokana na neno la Kigiriki la moto. Umbo la pete lilipendekezwa na Wilhelm Körner mwaka 1869 na James Dewar mwaka 1871. Siku hizi nyingi hutengenezwa viwandani kwa kupitisha asetaldehidi, formaldehidi na amonia juu ya kichocheo cha silika na alumina kwenye joto la nyuzi mia nne na kitu.

Tuje kwenye chupa yenyewe. Piridini safi haina rangi, inachemka kwenye nyuzi 115 za Selsiasi, na inachanganyika na maji kwa kiwango chochote. Hapo ndipo tabu ya kwanza. Chupa iliyofunguliwa na kufungwa mara ishirini ina maji ndani yake, kwa sababu jozi pweke hushikana na hidrojeni ya maji na kuyang'ang'ania. Kwa kuoshea au kuyeyushia tu, hilo halina shida. Kwa tosili kloridi (kloridi ya asidi ya toluenisalfoniki), anhidridi au kloridi za fosforasi, kila milimoli ya maji itakula milimoli ya kitendanishi chako.

Kuikausha kunakwenda kwa hatua mbili. Kwanza iache juu ya vidonge vya hidroksidi ya potasiamu, gramu 20 hadi 50 kwa lita, usiku mzima au zaidi, ukizungusha chupa mara kwa mara. Vidonge vikilainika na kuanza kushikana chini, maji yalikuwa mengi: imimine juu ya vidonge vipya. Kisha ihamishie kwenye flaski yenye hidridi ya kalsiamu, gramu 5 kwa lita, chemsha saa kadhaa huku kondensa ikirejesha mvuke, halafu ikeneke chini ya nitrojeni. Tupa sehemu ya kwanza, kama asilimia 5 hadi 10. Maji na piridini huchemka pamoja karibu na nyuzi 94, kwa hiyo unyevu uliobaki hutangulia. Ikusanye pale tu kipimajoto kitakapotulia kwenye 115. Ihifadhi juu ya machekeche ya molekuli ya 4 Å (punje zenye vitundu vidogo vinavyonasa maji) yaliyopashwa nyuzi 300 usiku kucha na kupoa mahali pakavu, ndani ya chupa ya rangi ya kahawia.

Vikaushi viwili viepukwe. Kloridi ya kalsiamu haikaushi piridini, inashikana nayo, kwa sababu kalsiamu nayo huipokea jozi pweke. Sodiamu ni mbaya zaidi. Inaingiza elektroni ndani ya pete, pete mbili zinaungana, na unachopata si piridini kavu bali rangi nzito na baipiridini. Wapo wanaoizoea sodiamu kwa sababu inakausha etha vizuri, wakadhani kikaushi kikali kinafaa kila mahali.

Na ule uchafu wa hidridi unaobaki usitiwe maji ovyo. Acha upoe, weka chini ya nitrojeni, dondosha isopropanoli polepole mpaka povu liishe, ndipo maji. Hidrojeni inayotoka ikikutana na mvuke wa piridini, ambao unaweza kushika moto hata kwenye joto la kawaida la chumba (kiwango chake cha kuwaka ni takriban nyuzi 20), huhitaji cheche kubwa.

Mwaka 1935 Karl Fischer alipobuni njia ya kupima maji kwa iodini na dioksidi ya salfa, besi aliyoiweka ilikuwa piridini. Waliowahi kutumia michanganyiko ya zamani wanaujua ule mnuko uliokuwa ukisalimia kila anayeingia. Baadaye imidazoli ilichukua nafasi yake, na sidhani kuna aliyelia.

Sasa tosili kloridi, inayogeuza alkoholi kuwa esta iitwayo tosileti, kwa sababu mmenyuko huu unaonyesha piridini ikifanya kazi zake zote kwa wakati mmoja: kiyeyusho, besi, kichocheo, na mara nyingine mharibifu.

Chukua alkoholi ya msingi, milimoli 10. Iyeyushe kwenye mililita 10 za piridini kavu, weka flaski kwenye barafu, subiri dakika kumi na tano ipoe kweli kweli. Ongeza tosili kloridi gramu 2.3, yaani milimoli 12, kwa vijiko vidogo vidogo ndani ya dakika kumi hadi kumi na tano. Koroga mpaka iyeyuke, ziba vizuri, peleka kwenye friji. Baada ya muda, sindano nyeupe zinaanza kuota kwenye ukuta wa flaski, kwanza chache zilizochongoka kutoka ukingo wa kimiminika kwenda ndani, kisha msitu mzima. Hiyo ni piridiniamu kloridi. Ni saa bora kuliko ile ya ukutani: zikionekana, mmenyuko unaenda. Zisipoonekana kabisa mpaka kesho yake, usiongeze joto. Angalia kwanza tosili kloridi yako.

Tosili kloridi ya zamani huwa imekwishakunywa unyevu na sehemu yake imegeuka asidi ya toluenisalfoniki. Safi huyeyuka kwenye nyuzi 65 hadi 69. Ikiwa unga unanata, una harufu kali ya asidi na hauyeyuki wote kwenye klorofomu, uuyeyushe kwenye klorofomu kidogo iwezekanavyo, ongeza etha ya petroli mara tano ya ujazo huo, asidi itaanguka kama matope meupe. Chuja, vukiza, unayo tosili kloridi inayofaa. Kazi ya saa moja inayookoa siku mbili.

Kwa nini baridi? Kwa sababu kloridi iliyozaliwa haijaondoka, imebaki humo humo. Tosileti uliyoitengeneza ni kitu kinachopenda kuondoka, na kloridi ikipashwa joto inamsukuma nje na kukalia nafasi yake. Ukiacha mchanganyiko kwenye nyuzi 40 au 50 ili uharakishe, unaamka na alkili kloridi, na kwenye bamba la kromatografia alama yake iko juu zaidi, inakudanganya kwamba mambo yamekwenda vizuri. Piridini yenyewe nayo inaweza kushambulia kaboni ile ile na kutoa chumvi ya N-alkilipiridiniamu. Chumvi hiyo inayeyuka majini, kwa hiyo huioni kabisa. Unachoona ni mavuno madogo yasiyo na maelezo. Alkoholi za kaboni ya upili huenda polepole na zinahitaji siku mbili tatu kwenye friji. Za kaboni ya utatu usijaribu kwa njia hii, zitapoteza maji na kuwa alkeni, zenye kifungo maradufu.

Kumaliza: dondosha mililita 1 ya maji ikiwa bado kwenye barafu, koroga nusu saa ili tosili kloridi iliyobaki ife. Hatua hii ikirukwa, kloridi iliyobaki itafuatana na esta yako hadi mwisho na kukutesa kwenye nguzo ya silika. Mimina juu ya gramu 50 za barafu, toa kwa ethili asetati mara tatu, mililita 30 kila mara. Sasa ndipo ile hesabu ya mwanzo. Kwa asidi ya moli 2 kwa lita, kiwango cha chini ni mililita 62. Tumia baridi, mara tatu za mililita 25, na chovya karatasi ya litmasi au ya pH kwenye maji ya mwisho. Ikiwa si nyekundu ya asidi kali, piridini bado ipo, osha tena. Kisha hidrojenikaboneti, kisha maji ya chumvi, kaushia kwa salfeti ya sodiamu, vukiza chini ya nyuzi 40.

Kuziwekea OH kundi la asetili ni ndugu mpole wa hiyo kazi. Glukosi gramu 1.8, piridini mililita 15, anhidridi ya asetiki mililita 7 ambayo ni kama moja na nusu kwa kila OH, anza kwenye barafu, acha usiku. Ukiweka alfa-glukosi (glukosi ina maumbo mawili ya pete, alfa na beta) na ukaitunza baridini, unapata pentaasetati ya alfa, maana piridini inaziwekea OH asetili kabla pete ya sukari haijapata muda wa kufunguka na kugeuka. Ukitumia asetati ya sodiamu na joto, beta ndiyo inayotawala.

Ndani ya flaski, piridini haikai tu ikingojea asidi. Jozi yake inashika kabonili ya anhidridi kwanza, inatengeneza N-asetilipiridiniamu, na hiyo ndiyo inayoshambuliwa na alkoholi. Ndiyo sababu DMAP, piridini yenye kundi la dimethilamino kwenye nafasi ya 4 (nitrojeni ikihesabiwa 1), inaharakisha kazi hii kama mara elfu kumi: lile kundi linasukuma elektroni kupitia pete hadi kwenye nitrojeni, pKa inapanda hadi karibu 9.7, na kiunga kati kinatulia kwa wingi. Kwa milimoli 10, gramu 0.06 inatosha. Wengi wanaweka moli kamili bila sababu kisha wanahangaika kuiondoa. Tahadhari moja hapa si ya kupuuzwa: DMAP ni sumu kali ikipita kwenye ngozi, na ni unga mwepesi unaorukaruka kwenye mizani.

Kuhusu ngozi, glavu nyembamba za nitraili hazizuii piridini kwa muda wa maana. Zikilowa, zivue papo hapo, usisubiri umalize. Mpira wa butaili ndio unaostahimili. Piridini inasikika puani kabla haijafika sehemu 1 kwa milioni, chini ya kikomo cha 5 kinachotumika kazini, lakini pua huzoea. Mtu aliyekaa nayo asubuhi nzima ndiye wa mwisho kujua kwamba kabati la kutolea hewa halivuti.

Si kila kampaundi inavumilia asidi. Kama una vikundi vya asetali au sili-etha dhaifu, iondoe piridini kwa myeyusho mzito wa salfeti ya shaba, ule mrututu wa buluu. Shaba inapokea hadi piridini nne, na rangi inageuka kutoka samawati nyepesi hadi buluu iliyokolea, mbele ya macho yako, pale matabaka mawili yanapokutana. Osha tena na tena hadi mrututu mpya ubaki na rangi yake ya mwanzo. Kwa mililita 10 za piridini, hesabu inataka angalau gramu 7.7 za fuwele za mrututu. Usipeleke hidrojenikaboneti moja kwa moja baada yake, kaboneti ya shaba itaganda katikati ya faneli kama tope la kijani na utakesha ukisubiri litengane. Maji kwanza, mara mbili. Na kama kampaundi yako ina amini huru au thioli, sahau njia hii, shaba itaikamata nayo.

Njia ya tatu ni kuvukiza pamoja na tolueni. Mchanganyiko wa hizo mbili unachemka kwenye nyuzi 110 hivi, chini kidogo ya kila moja. Ongeza mililita 20, vukiza, rudia mara tatu. Inaondoa mabaki, haiondoi piridini iliyoshikwa kama chumvi. Ukiona fuwele nyeupe zinabaki kila unapovukiza, hizo ni piridiniamu, na tolueni haina habari nazo. Weka mtego wa baridi kabla ya pampu, ama sivyo mafuta ya pampu yatanuka hadi yabadilishwe.

Kwenye NMR, kipimo cha mwangwi wa sumaku wa viini, kwa klorofomu yenye dyuteri, mabaki hayajifichi: 8.62, 7.68 na 7.29 ppm. Kwenye bamba la kromatografia, kinyume chake, piridini inaficha kila kitu. Doa lililotoka moja kwa moja kwenye mmenyuko linaonekana kama wingu jeusi chini ya taa ya nanomita 254. Lipulizie hewa moto dakika moja au mbili kabla ya kulichovya bamba, au chukua mililita 0.1 tu, uitikise na ethili asetati na mililita 1.5 za asidi ya moli 1, kisha udondoshe tabaka la juu.

Hayo yote ni piridini ikiwa msaidizi. Mambo hugeuka pale pete ya piridini inapokuwa ndani ya kampaundi unayoitafuta, kama ilivyo kwenye vitamini B3 au kwenye isoniazidi ya kifua kikuu. Mtu anaosha kwa asidi kwa mazoea, anamwaga tabaka la maji, na bidhaa yake imekwenda na maji hayo. Kanuni ya nyumba iwe hivi: hakuna tabaka linalomwagwa mpaka bidhaa ipimwe na mizani.

Kama bado unayo maji hayo, hujapoteza kitu. Pandisha pH hadi 8 au 9 kwa hidroksidi ya sodiamu au kaboneti, toa kwa dikloromethani. Kwa piridini ya kawaida, kwenye pH 7.2 ni asilimia 1 tu iliyobaki na protoni. Lakini namba hii inabadilika sana kulingana na kilichoning'inia kwenye pete, na hapo ndipo watu wanapokosea. 4-aminopiridini ina pKa ya takriban 9.1, hivyo pH 8 haitoshi, panda hadi 12. 2-aminopiridini ni 6.9. 2,6-lutidini, yenye methili mbili pembeni mwa nitrojeni, ni 6.7. Upande wa pili, 2-kloropiridini iko chini ya 1, na 3-nitropiridini vivyo hivyo. Hizi mbili asidi ya moli 1 haizivuti zote kutoka kwenye etha, kwa hiyo anayetegemea kuzitenga kwa asidi atazikuta pande zote mbili za faneli. Klorini au nitro inavuta elektroni kutoka kwenye jozi. Amini inazisukuma.

Hiyo 2,6-lutidini ina matumizi yake: methili zimekaa mlangoni, protoni ndogo inapita, kaboni kubwa haipiti. Unapotaka besi isiyoshambulia, kwa mfano na triflati za sili, chukua lutidini badala ya piridini.

Kwenye silika kampaundi za piridini huvuta mkia mrefu. Asilimia 1 ya trietilamini kwenye kiyeyusho, na kuilowesha nguzo nayo kabla ya kupakia, huutibu mkia huo mara nyingi.

Kuiongezea pete yenyewe kitu kipya ndiko kugumu. Benzini hupokea nitro kwa asidi ya nitriki na salfuriki kwenye nyuzi 50. Piridini haipokei, hata ukiipasha hadi mia tatu unaambulia asilimia chache tu kwenye nafasi ya 3. Kwanza, asidi inaishika jozi pweke na pete nzima inakuwa na chaji chanya kabla ya kitendanishi kufika. Pili, nafasi za 2 na 4 zikishambuliwa, chaji chanya inalazimika kukaa juu ya nitrojeni yenyewe, ambayo haiwezi kuivumilia. Nafasi ya 3 ndiyo isiyo mbaya zaidi, basi.

Badala ya kupambana, tumia jozi. Piridini pamoja na asidi ya asetiki na peroksidi ya hidrojeni ya asilimia 30, kwenye nyuzi 70 hadi 80 kwa saa kadhaa, inatoa N-oksidi. Oksijeni hiyo sasa inarudisha elektroni ndani ya pete, na nitro inaingia nafasi ya 4 kwa asidi ya nitriki inayofuka moshi na salfuriki karibu nyuzi 90 hadi 100, ikitoa fuwele za njano. Trikloridi ya fosforasi huiondoa oksijeni mwishoni. Pale katikati pana hatari moja isiyo na mjadala: kabla ya kuvukiza, hakikisha hakuna peroksidi iliyosalia. Karatasi ya wanga na iodidi ikigeuka buluu, ongeza salfiti ya sodiamu na upime tena. Asidi ya perasetiki ikikolezwa kwenye flaski yenye joto inalipuka.

Hatari ya namna hiyo iko pia kwenye trioksidi ya kromiamu. Unga wa trioksidi hiyo unaongezwa ndani ya piridini iliyopozwa, kidogo kidogo, huku ikikorogwa. Ukigeuza mpangilio, ukamimina piridini juu ya unga, inawaka.

Kwa vitendanishi vinavyopenda kiini, pete hiyo hiyo ngumu inakuwa laini. Aleksei Chichibabin alionyesha mwaka 1914 kwamba amidi ya sodiamu inaweka NH2 kwenye nafasi ya 2, hidrojeni ikitoka kama gesi. 2-kloro na 4-kloropiridini zinapoteza klorini kwa amini na alkoksidi, ilhali 3-kloro haiguswi, kwa sababu safari hii chaji hasi ya kati inataka kukaa juu ya nitrojeni, na kutoka nafasi ya 3 haifiki.

Metali nazo zinaipenda jozi. Paladiamu ikishikwa na piridini huru inazubaa. Platini oksidi haitaijaza pete hidrojeni hadi piperidini vizuri mpaka utie asidi ya asetiki au moli moja ya hidrokloriki, jozi ifunikwe na protoni, na metali ibaki huru kufanya kazi yake.

Na kuna ile inayowashangaza wengi: 4-kloropiridini. Huuzwa kama hidrokloridi, na si kwa urembo. Ukiiachia jozi yake, nitrojeni ya molekuli moja inaishambulia kaboni ya 4 ya jirani yake, klorini inatoka, na jirani anamshambulia mwingine. Ifungue kwa hidrojenikaboneti iliyo baridi, itoe kwa etha, kausha, vukiza bila kupasha moto, na itumie siku hiyo hiyo. Kimiminika kikianza kugeuka njano na punje ngumu kuonekana chini, tayari imeanza kujiunga yenyewe kwa yenyewe, na joto litaharakisha tu. Itupe hiyo, rudi kwenye chumvi, pima upya.